Tulinunua Kamera Kabla ya Matanga Mengine



Mwaka jana tulimzika mwenzetu wa chama. Siku zote tatu za matanga picha yake ilisimama juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na kila aliyeingia alipita mbele yake kabla ya kuketi. Ilikuwa picha ya kadi ya mpiga kura. Watoto walikuwa wameipeleka mjini ikuzwe, na mashine ilifanya ilivyoweza: uso ulikuwa wa kijivu, kingo zake zimekatika vipande vipande kama matofali, na macho hayakuonekana. Mjukuu wake wa miaka 4, aliyebebwa mgongoni mwake tangu kuzaliwa, aliisogelea, akaitazama, akamwuliza mama yake: "Huyu ni nani?"

Sisi tuliokuwa jikoni tukipika bukari ya wageni tulisikia. Hakuna aliyesema kitu. Usiku ule tulifungua telefone zetu zote kutafuta picha nzuri zaidi. Tulimkuta mara nyingi, lakini kila mara alikuwa nusu: mkono unaogawa soda kwenye sherehe, mgongo ulioinama juu ya sufuria, kichwa nyuma ya bega la bibi arusi. Picha nzuri alizipiga yeye. Ndiyo maana hakuwemo.

Katika kikao kilichofuata tulisema tununue kamera, tumpige kila mama wa chama picha moja nzuri angali hai. Si kwa biashara. Wapiga picha wa harusi wako wengi hapa Lubumbashi na kazi yao wanaijua. Mama mmoja akasimama akatuuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: "Watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval, na ninyi mnataka kamera?" Tukabishana hadi giza likaingia. Mwisho tulipatana hivi: likelemba haiguswi hata franka moja. Anayetaka atoe dola 5 kwa mwezi, kando, kwa miezi minne. Wamama 12 walikubali. Yule aliyeuliza swali alikuwa wa kwanza kulipa. Tukapata dola 240, na sisi watatu tunaoandika hapa, mwalimu, mshona nguo na muuza makala, tukapewa kazi ya kuchagua na kujifunza.

Hatukujua kitu. Tunawaandikia tuliyojifunza, kwa sababu wengi mmetuuliza sokoni na baada ya ibada, na kwa sababu mengine tuliyajifunza kwa kuumia.

Jambo la kwanza ni kujiuliza unataka kupiga nini, kabla ya kuuliza bei. Mvulana mmoja wa dukani mjini alitutolea kamera za kila aina na kutuhesabia megapikseli kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji. Tulirudi nyumbani, tukaandika kwenye daftari: nyuso, ndani ya nyumba au mlangoni, picha ichapwe kubwa iwekwe ukutani. Basi. Hatukuandika mpira, wala ndege wa angani, wala sinema. Daftari lile lilituokolea pesa, maana nusu ya vitu alivyokuwa akivisifia vilikuwa vya kazi tusizokuwa nazo.

Kuhusu megapikseli, mwalimu wetu alipiga hesabu. Kamera tuliyoipenda, Canon EOS 1300D iliyotoka mwaka 2016, ina megapikseli 18: nukta 5184 kwa upana na 3456 kwa urefu. Ukichapa nukta 300 katika kila inchi moja, ambacho ni kipimo kizuri cha picha, unapata picha ya karibu sentimita 44 kwa 29. Ukuta wa nyumba gani ya Katuba unadai zaidi ya hapo? Telefone nyingi siku hizi zinatangaza megapikseli 50 au zaidi, lakini sensa yao, kile kipande ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ya kamera hii ina milimita 22 kwa 15. Ni kama mvua na vyombo: aliyetega beseni na aliyetega kikombe, mvua ni ileile, lakini maji hayalingani. Katika chumba chenye dirisha moja, tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Hatusemi telefone haifai. Nje, asubuhi, telefone nzuri inapiga picha nzuri sana, na kama huna pesa za ziada anza nayo. Ila usichukue picha uliyotumiwa kwa WhatsApp ukaipeleka kuchapwa, kwa sababu inapotumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa. Mwambie mwenzako aitume kama hati, yaani kama faili, ndipo inafika nzima.

Jambo la pili: lenzi ni nusu ya kamera, au zaidi. Kamera ya mtumba tuliipata kwa dola 160, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 18-55. Kisha tukaongeza dola 65 kwa lenzi nyingine ya mtumba, ndogo, ya milimita 50, yenye namba 1.8. Namba hiyo inaeleza mlango wa mwanga: kadiri ilivyo ndogo, ndivyo mlango unavyofunguka zaidi. Lenzi ya kawaida, ukiivuta mpaka 55, mlango wake unaishia kwenye 5.6. Kwa 1.8 mwanga unaoingia ni zaidi ya mara 9 ya ule. Hatukuhitaji tena flashi ya kamera, ile inayomfanya mtu aonekane kama ameshikwa na polisi usiku. Na lenzi hiyo inalainisha kilicho nyuma, hivyo beseni, kamba ya nguo na waya wa antena vinapotea taratibu, uso unabaki.

Jambo la tatu: kuangalia mtumba. Tulienda mchana, si jioni. Tulielekeza tochi ndani ya lenzi kutafuta nyuzi za ukungu, ambazo zinafanana na utando wa buibui. Tulizungusha pete zote tukisikiliza kama kuna mchanga. Tuliweka mlango wa mwanga kwenye namba 22, tukapiga picha ya karatasi nyeupe, tukaikuza: madoa meusi yalionyesha vumbi juu ya sensa. Yalikuwa machache, tukapunguza bei. Ninyi mnaoishi hapa mnalijua vumbi letu jekundu la kiangazi. Hatubadilishi lenzi barabarani. Tunaingia ndani, tunafunga mlango, kamera tunaielekeza chini. Kila kitu kinakaa ndani ya mfuko wa kitenge ambao mshona nguo wetu aliushona wenye pamba katikati.

Zilibaki dola 15. Tukanunua kadi ya kumbukumbu barabarani, imeandikwa GB 64, kwa bei ndogo mno. Jumapili ya kwanza tulipiga picha nyingi kwa furaha, na jioni zile za mwisho hazikufunguka. Kadi ilikuwa ya uongo: jina kubwa, tumbo dogo. Sasa tunajua: kadi mpya ijaze kwanza vitu visivyo na thamani mpaka iseme imejaa, kisha uvifungue kimoja kimoja. Ikipita mtihani huo ndipo umwamini. Ile ya pili tuliinunua dukani, ndogo zaidi, ghali zaidi, na mpaka leo inafanya kazi.

Kisha tukafika kwenye jambo ambalo hakuna muuzaji aliyetuambia. Picha zetu za kwanza za wamama mbele ya ukuta mweupe wa ukumbi zilitoka vibaya: ukuta ulikuwa wa kijivu, na nyuso zilikuwa nyeusi kama makala. Muuza makala wetu alisema mwenyewe: "Hata makala yangu yanaonekana vizuri kuliko hapa." Tulidhani kamera imeharibika. Haikuharibika. Kamera haijui kama inamwona mama au ukuta. Inapima mwanga wote na kudhani kwamba, kwa wastani, dunia ina rangi ya kijivu cha kati. Ikiona ukuta mweupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayelipa deni. Dawa yake ni kitufe kimoja. Kwenye kamera yetu tunaweka alama ya P au Av, tunashikilia kitufe kilichoandikwa Av na alama za kujumlisha na kutoa, tunazungusha gurudumu mpaka +1. Uso unarudi. Dawa nyingine haina kitufe: mwondoe mama mbele ya ukuta mweupe, mkalishe kwenye kizingiti cha mlango, yeye ndani ya kivuli akitazama nje. Mwanga wa mlangoni ni laini, unaonyesha kila rangi iliyomo katika ngozi yetu, na zipo nyingi.

Tuliposoma zaidi tuligundua kwamba tatizo hili lina historia. Zamani za filamu, maabara nyingi za ng'ambo zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliziita kadi hizo Shirley. Akionekana vizuri yeye, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Wengine wote walitoka jinsi walivyotoka. Tukikumbuka picha za ubatizo za miaka ya zamani, zile ambapo meno ya shangazi yanaonekana na uso hauonekani, tunajua kwamba shangazi hakuwa na kosa, na mara nyingi mpiga picha naye hakuwa nalo lote.

Sasa tuseme juu ya programu za kutengeneza picha, maana hapo ndipo tulipokosea kweli.

Kijana mmoja alituwekea kwenye ordinatere programu kubwa ya kulipia, bila kulipia, kutoka kwenye flashi diski yake. Ilileta virusi: mafaili yetu yote yakageuka kuwa njia za mkato zisizofungua kitu. Siku mbili tulihangaika. Baadaye tuliambiwa kwamba zipo programu huru, za halali, zisizoomba pesa wala kadi ya benki kila mwezi. GIMP, iliyoanza miaka ya 1990, ina maandishi ya Kifaransa na inafaa kwa kukata, kusafisha na kuunganisha. RawTherapee na darktable ni za kufungua yale mafaili ghafi ya kamera, yanayohifadhi mwanga wote kabla ya kupunguzwa. Kwa mwenye kamera ya Canon ipo pia Digital Photo Professional, ya bure. Ordinatere yetu ni ya zamani, ina RAM ya GB 4 tu. Darktable ilikuwa inatembea kama mzee anayepanda mlima, tukabaki na RawTherapee. Kwenye telefone tunatumia Snapseed. Shusha programu siku ambayo una intaneti nzuri, na uichukue kwenye ukurasa wa wenyewe walioitengeneza. Ukisha kuziweka, zile za ordinatere hazidai intaneti, na kwa sisi ambao umeme na mega vyote vinahesabiwa, hilo si jambo dogo.

Lakini kabla ya kuzijua hizo, mmoja wetu alikuwa na programu nyingine ya telefone yenye kitufe cha kulainisha na kung'arisha uso. Tulikuwa tumempiga picha nkambo wetu, mkubwa kuliko wote katika chama. Tulitaka kumheshimu. Tukagusa kitufe mara moja, mistari ya paji la uso ikapungua. Tukagusa tena, ngozi ikang'aa. Tukaona amependeza, amekuwa kama mama wa miaka 50. Tukagusa kuhifadhi, picha mpya ikakaa juu ya ile ya asili. Kadi ya kamera tulikuwa tumekwisha kuifuta kwa ajili ya kazi ya siku iliyofuata.

Tulimpelekea imechapwa, ndani ya fremu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akanyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Huyu ni nani?"

Tulicheka kidogo, tukidhani anafanya mchezo. Akaweka kidole kwenye shavu lake la kushoto. "Kovu yangu mumeipeleka wapi?" Nkambo ana kovu la moto. Alilipata akiwa na miaka 9, kule Kasenga, siku alipoingia ndani ya nyumba inayowaka kumtoa mdogo wake. Mdogo huyo alikua, akaoa, akazaa, na sasa amekwisha kufariki. "Watoto wake wakija hapa," nkambo alisema, "wananigusa hapa kwanza, ndipo wananisalimia." Akaturudishia fremu. Hakukasirika kwa sauti. Alisema tu kwamba amechoka na tuende nyumbani.

Tulitembea njia nzima bila kusema. Sisi ndio tunaowakataza mabinti zetu mafuta ya kung'arisha ngozi. Tumefanya mafundisho juu yake katika chama hiki hiki, tumeyaandika katika jarida hili hili. Na tulipopewa kitufe kinachofanya kazi ileile bila kuunguza, tulikigusa mara mbili, tena juu ya uso wa mama yetu, tukaita heshima. Mwenzetu wa kadi ya mpiga kura, mashine ilimpoteza kwa sababu hakukuwa na picha. Nkambo tulimpoteza sisi, tukiwa na picha nzuri mkononi.

Binti wa mshona nguo, mwenye miaka 13, ndiye aliyetuambia jambo la mwisho. Alisema: "Mama, mimi nilipoona ile picha nilifikiri basi ndivyo mtu anavyotakiwa kuwa." Tuliifuta programu ile siku hiyo.

Tangu hapo tuna sheria, zimeandikwa ndani ya kifuniko cha mfuko wa kamera. Picha ya asili haiguswi kamwe, tunatengeneza nakala. Kila picha inakaa mahali pawili kabla kadi haijafutwa: kwenye ordinatere ya mwalimu, na kwenye flashi diski inayolala nyumba nyingine, kwa sababu moto na wezi hawachagui. Tunaruhusu kurekebisha mwanga, kunyoosha picha iliyopinda, kukata pembeni, kuondoa doa la vumbi la sensa. Chunusi ya wiki hii inaweza kuondolewa mwenyewe akiomba. Kovu, mistari, mvi na rangi ya ngozi haviondolewi. Na mwenye uso anaiona picha kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema hapana, ni hapana.

Mji wetu si mgeni wa picha. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, anajulikana duniani kwa kuunganisha picha za kale za wafanyakazi wa migodi na picha za viwanda vilivyobaki magofu. Tulipoziona picha hizo tulizungumza sana juu ya wanaume wale na jasho lao. Kisha muuza makala wetu akauliza: na waliowapikia? Nani anaye picha ya nkambo yake wa kike, yeye peke yake, ameketi, akitazama mbele? Katika wamama 12 tuliochanga, ni wawili tu waliokuwa nayo.

Nkambo alikaa wiki sita bila kutupokea. Tulikwenda kumsalimu kila Jumapili, bila kamera. Jumapili ya saba alituuliza wenyewe: "Ile mashine mumeiuza?" Tukasema hapana. Akasema tuje kesho yake asubuhi, na tusimwambie avae nini. Tulimkuta kwenye kizingiti cha jiko lake, amevaa kitenge cha kazi, amemaliza kutwanga sombe, mikono bado ina kijani. Tulitaka kumwomba anawe. Tukajizuia. Lenzi ya 50, mlango wa mwanga kwenye 2.8, mwanga wa saa mbili asubuhi ukitoka kushoto. Aligeuza shavu lile mbele yeye mwenyewe. Tulipiga picha sita. Nyumbani tuliongeza mwanga kidogo sana, tukakata pembeni palipokuwa na ndoo ya plastiki, basi.

Safari hii hakuuliza ni nani. Aliitazama, akatwambia tuitundike mahali ambapo anayeingia ataiona, kisha akatuuliza kama tumekula.

Mpaka leo tumepiga wamama 9. Wamebaki watatu kati ya waliochanga, na baada yao zamu ni ya kila mama wa chama, aliyechanga na asiyechanga. Yule aliyetuuliza juu ya minerval ameomba apigwe akiwa amesimama mbele ya shule, na tutafanya hivyo. Jumamosi, baada ya kikao, tutakuwa mlangoni mwa ukumbi tangu saa tisa, wakati jua linapoanza kulegea. Njoo na nguo unayoipenda, au ile uliyoivaa. Usipake kitu usichopaka siku zote. Mwenye kamera yake ya zamani iliyolala kabatini ailete pia. Tutaiangalia pamoja, na batri yake tutaichaji kama umeme utakuwepo.